Msichana Aliyeniita kwa Jina la Mama

Tangu siku ile sijaona kitu kingine cha ajabu, na naomba mlijue hilo kwanza. Sisikii sauti, sioti ndoto za maana, paka akinikatiza njiani namfukuza tu kama paka. Nimezaa watoto saba, nimelima kahawa, nimeimba kwaya kanisani tangu sauti yangu ikiwa nyembamba mpaka ilipokuwa nzito, na hapa kijijini hamtampata mtu wa kuwaambia kwamba mimi ni mwongo. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba jioni moja, nikiwa na miaka kumi na minne, niliongea na msichana aliyekufa kabla sijazaliwa, msinitafutie sababu. Sikuwa na homa. Sikuwa usingizini. Niliongea naye kama ninavyoongea nanyi hapa.

Ilikuwa upande wa Kyerwa, kwenye vilima vya huko ambako siku hizi panaitwa Songambele, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Zamani walikuja watu kutafuta madini ya bati kwenye vilima hivyo. Walichimba hapa, wakachimba pale, walipokosa wakahama na kuacha mashimo yao wazi. Tulikatazwa kwenda huko. Wazazi wengine walikataza kwa kufoka. Mama yangu hakufoka. Akisikia mtu anataja mashimo, aligeuza uso akatafuta kazi ya kufanya.

Rafiki yangu alikuwa Kokushubira, sote tukimwita Koku. Baba yake alikuwa mnunuzi wa kahawa, nyumba yao ilikuwa na paa la mabati, na Koku alikuwa na namna ya kukutazama ukajiona umechaguliwa. Mmewahi kuwa na rafiki wa namna hiyo? Akikucheka, unaumwa siku tatu. Akikushika mkono mbele ya wenzako, unasahau yote. Mama zetu nao walikuwa marafiki tangu usichana wao, ndivyo tulivyoambiwa, ingawa hawakutembeleana kamwe. Walisalimiana mlangoni mwa kanisa, wakaulizana habari za watoto, kisha kila mmoja akashika njia yake.

Chini ya kilima aliishi bibi mmoja peke yake, Mama Nyamwiza. Binti yake, huyo Nyamwiza, alitoroka na mwanamume wakavuka mto Kagera, miaka mingi nyuma, bila hata kuaga. Hiyo ndiyo habari kijiji kizima kilikuwa nayo. Kila jioni bibi alipakua chakula mahali pawili, chake na cha binti. Sisi tulikuwa tukipita mlangoni kwake tunaigiza: "Mama, nimerudi, matoke yameiva?" Halafu tunakimbia tukicheka. Aliyebuni mchezo huo ni Koku. Aliyeigiza vizuri kuliko wote ni mimi.

Halafu akaja Eliza. Baba yake alikuwa karani wa baraza, Mhaya wa upande wa Muleba, na wao walikuwa Walutheri katikati yetu Wakatoliki. Eliza alikuwa na viatu, lakini mvua ikinyesha alivivua akavibeba kichwani visiharibike, na wala hakuona aibu. Alicheka kwa sauti kubwa. Darasani alijibu maswali mpaka mwalimu akamhamishia benchi la mbele, kwenye nafasi ya Koku. Nadhani mnaona mambo yalipokuwa yanaelekea.

Jumamosi moja Koku alimwambia kwamba kama anataka kuwa rafiki yetu, ashuke kwenye shimo la bati alete jiwe moja jeupe, yale yanayong'aa.

"Mimi nilishuka," Koku akasema. "Hata huyu alishuka."

Huyu ndiye mimi. Hatukuwahi kushuka, si yeye wala mimi. Nikatikisa kichwa kukubali.

Shimo lilikuwa na kina mara mbili ya mtu mzima, na ndani yake kulikuwa na gogo lililochongwa vidato, ngazi ya wachimbaji. Eliza alitazama chini, akakunja gauni lake. "Mkiniacha humo nitapiga kelele mpaka Muleba wasikie," akasema, akicheka, akashuka.

Alipofika chini Koku aliinama, akashika kichwa cha gogo. "Shika upande huu," akaniambia.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana watu wakisimulia mambo yao hupenda kusema walilazimishwa. Hakunilazimisha. Nilishika. Gogo lilikuwa zito, tulivuta mpaka misuli ikatetemeka, likatoka, tukalibwaga kwenye nyasi. Kicheko cha Eliza kiliendelea kidogo, kisha kikawa swali: "Jamani? Ngazi iko wapi?"

"Tunakwenda kunywa uji, tunarudi sasa hivi," Koku akamjibu.

Tukashuka kilima. Tulikuwa tunakwenda kunywa uji kweli. Lakini hatujafika nyumbani, mvua ikaanza, ile mvua ya kwetu inayoufanya mgomba upige magoti. Tukajibanza chini ya majani, nikamwambia Koku turudi.

"Kesho, baada ya misa," akasema.

"Kesho? Na maji je?"

"Unataka tupigwe? Nenda peke yako basi. Na usinijue tena."

Nikaenda nyumbani. Naona mmekunja uso, na mna haki.

Kabla jua halijazama, karani alifika kwetu amelowa chepechepe. Mwavuli alikuwa nao kwapani, umefungwa. Alikuwa amesahau kuufungua. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Hujamwona Eliza?"

"Sijamwona," nikasema.

Mama yangu alikuwa anamenya ndizi. Kisu kikasimama. Alinitazama muda mrefu, nami sikumtazama. Karani akashukuru, akaenda kuuliza mlango mwingine, na mimi nikasema nakwenda nyuma ya nyumba mara moja. Nikapita katikati ya kibanja, shamba letu la migomba, nikaruka boma, nikaanza kupanda kilima peke yangu.

Mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Mwanga bado ulikuwapo, lakini ukungu ulishuka, na ukungu wa vilima vile ukishuka huoni hata kiganja chako. Nilijua njia ile tangu utotoni, nikaipoteza. Nikaita "Eliza!" na sauti ikarudi kwangu kama imegonga ukuta wa pamba. Niligeuka huku, nikageuka kule. Nikaanza kulia.

Ndipo nikasikia mawe. Tak, tak, taktak. Mtu anacheza mdako.

Nikafuata sauti. Ukungu ukafunguka kidogo, nikaona bonde dogo la mviringo lililoota nyasi, na katikati yake msichana wa rika langu amekaa chini, anarusha jiwe juu na kuyakusanya mengine kabla halijaanguka. Alikuwa amejifunga lubugo, kile kitambaa cha gome la mti walichovaa bibi zetu. Nani alivaa lubugo wakati huo? Hata maskini wetu walikuwa na gauni la pamba. Na kitu kingine: mimi maji yalikuwa yananitiririka mpaka vidoleni, yeye alikuwa mkavu. Nyasi alizokalia zilikuwa kavu.

Akainua uso, akatabasamu mpaka meno yote yakaonekana.

"Kemilembe," akasema. "Umechelewa."

Kemilembe ni jina la mama yangu kabla hajabatizwa. Pale kijijini alikuwa Maria kwa wote. Marehemu bibi yangu peke yake ndiye aliyemwita Kemilembe, na bibi tulikuwa tumemzika miaka mitatu nyuma.

"Mlisema mnakwenda mara moja," akaendelea, bila hasira hata kidogo, kama mtu anayemtania mwenzake. "Tazama, nimecheza mpaka mawe yamelainika." Akanionyesha kiganjani. Yalikuwa matano, laini kama mayai ya njiwa.

Nilitaka kusema mimi si Kemilembe. Nilitaka kukimbia pia, sitawaficha. Lakini mdomo wangu ulisema neno moja, lile lile nililozoea kuliigiza mlangoni kwa Mama Nyamwiza.

"Nimerudi."

Mniamini, sijawahi kuona uso wa mtu ukifurahi namna ile, wala kwa bibi arusi, wala kwa mama anayepewa mtoto mikononi. Alisimama akaruka juu, akapiga makofi.

"Nilijua! Nilimwambia huyu mdogo, Kemilembe atarudi, ana moyo mzuri, shida yake ni woga tu."

"Mdogo yupi?"

"Huyu aliye chini. Njoo upesi, maji yamemfika magotini na mbavu zinamuuma kwa kucheka."

Akanishika mkono. Watu huniuliza kama mkono ulikuwa wa baridi. Ulikuwa wa moto, kama wa mtu aliyetoka jikoni. Tulipanda pamoja, yeye mbele akinivuta, na kila tulipofika ukungu ulikuwa tayari umefunguka. Nilitazama miguu yake. Nyasi zilizolala kwa mvua hazikusogea alipokanyaga. Je, niliogopa? Niliogopa kabla ya kushikwa mkono. Baada ya hapo nilikuwa nacheka naye, na sikujua tunacheka nini.

Tukafika shimoni. Gogo lilikuwa pale pale tulipolibwaga, limelowa, zito maradufu. Nikashika kichwa chake nikijua sitaliweza, na upande wa pili ukanyanyuka. Nawaambia ukanyanyuka, mwepesi kama kikonyo cha mgomba. Tukaliteremsha ndani.

Eliza akapanda. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, meno yanagongana, gauni limejaa tope, na alikuwa anacheka. Alicheka akashindwa kushika kidato cha mwisho, nikamvuta kwa mabega.

"Mvute na mwenzangu," akasema. "Yuko nyuma yangu."

"Mwenzako nani?"

"Huyu msichana. Si alikuwa humu ndani tangu mlipoondoka? Kila nikisinzia ananifinya, anasema ukilala umekwisha, tegua vitendawili vyangu kwanza. Anajua kuigiza padri anavyopiga chafya. Jamani, tumvute, kuna baridi."

Tukainama sote wawili. Shimoni kulikuwa na maji ya rangi ya chai na gogo, basi. Nikageuka kumtazama aliyenisaidia. Ubavuni pangu hapakuwa na mtu. Nilisikia tu kicheko kikishuka mteremkoni, kuelekea lile bonde la nyasi, kicheko cha msichana aliyeshinda mchezo, kikaenda kikipungua mpaka kikaisha.

Nikapiga magoti kwenye tope. "Eliza, nisamehe."

"Nitakusamehe tukifika kwenye moto," akasema. "Hapa meno hayaniruhusu."

Tulishuka tumekumbatiana. Karani alimwona binti yake mlangoni kwetu, akakaa chini kwenye tope na suruali yake ya kazi, akalia kwa sauti. Nilisema yote mbele ya wote, gogo na uji na tishio la Koku, nikangoja fimbo. Baba alikuwa ameshaikata. Lakini nilipofika kwenye msichana wa lubugo, nikasema aliniita Kemilembe, akaniambia umechelewa, chungu kilimponyoka mama mkononi kikavunjika vipande vipande. Hakuna aliyekumbuka fimbo tena.

Usiku ule ule, Eliza akiwa amefunikwa blanketi mbili karibu na moto, mama alituambia. Walikuwa wasichana watatu: yeye, mama yake Koku, na Nyamwiza. Nyamwiza alikuwa mchekeshaji, kila mtu alimpenda, na mama yake Koku hakupenda apendwe kuliko yeye. Wachimbaji walikuwa wamehama majuzi tu. Wakamshusha Nyamwiza shimoni kwa mzaha, wakavuta ngazi, wakasema wanakwenda mara moja. Mvua ikanyesha. Wakaogopa kupigwa, wakasema kesho. Walipofika asubuhi shimo lilikuwa limeporomoka na kujaa udongo, hakuna shimo tena. Walikuwa na miaka kumi na minne. Wakarudi wakasema walimwona Nyamwiza akishuka mtoni na mwanamume wasiyemjua.

"Kila siku nilisema nitakwenda kumwambia mama yake kesho," mama akasema. "Leo umekwenda wewe."

Asubuhi hakungoja misa. Alifunga kanga kiunoni, akaenda kwenye ile nyumba ya mabati, na sijui walisemezana nini, lakini wanawake wale wawili walitoka wakiwa wameshikana mikono, mara ya kwanza maishani mwangu kuona. Mimi nilifuata nyuma. Tulimkuta Mama Nyamwiza anafagia uwanja. Walipiga magoti, wakasema.

Nilitegemea alaani. Ninyi mngetegemea nini? Bibi alisimama na ufagio wake, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Kwa hiyo hakunikimbia?"

"Hapana, mama. Alikuwa anataka kurudi nyumbani."

Ufagio ukaanguka. Yule bibi mwenye mgongo uliopinda aliinua mikono juu, akapiga vigelegele. Nawaapia, vigelegele vya arusi. Majirani walitoka vibanjani mwao wakidhani kuna mahari imeletwa. Zaidi ya miaka ishirini alikuwa ameamini kwamba mtoto wake wa pekee alimdharau hata asimuage. Alicheka, akalia, akacheka tena, akawashika wale wawili vichwa. Baadaye wazee wa baraza walimwuliza anataka wafanywe nini. Akasema anataka kitu kimoja: kila Jumapili, maisha yake yote, waje nyumbani kwake wamweleze Nyamwiza alikuwa akisema nini, akiigiza nini, akimcheka nani, maana msichana huwaonyesha rafiki zake mambo mengi asiyomwonyesha mama.

Siku ile ile wanaume walichimba kwenye bonde la nyasi, pale pale shimo la zamani lilipoporomoka. Walimkuta. Alikuwa amekaa, na karibu naye mawe matano. Tulimzika kwenye kibanja cha mama yake, padri na mwinjilisti wa Kilutheri wote wakiwapo, jambo ambalo pale kwetu halikuwahi kutokea. Eliza alimsimulia padri jinsi marehemu alivyomwigiza mtangulizi wake akipiga chafya, na padri, ambaye alimfahamu yule padri wa zamani, alilazimika kugeukia mgomba. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Baada ya hapo kulikuwa na matoke, maharage, na lubisi, pombe yetu ya ndizi, ya kutosha kijiji. Bibi alipakua chakula chake mahali pamoja tu, akala akamaliza, akaomba kuongezwa.

Na mimi? Mimi nilikwenda kwake siku ya tatu kukiri kwamba sauti ile ya mlangoni ilikuwa yangu. Akasema, "Naijua. Ulikuwa unaigiza vibaya. Nyamwiza alikuwa anaita huku amekwisha kufika jikoni." Akanifundisha inavyotakiwa, tukacheka hadi akakohoa.

Zile Jumapili ziliendelea miaka kumi na mmoja, mpaka bibi alipofariki usingizini. Nyumba yake ikawa nyumba ya kicheko kuliko zote kilimani. Hata mashimo yote yalifukiwa, karani akiwa wa kwanza kushika jembe. Eliza aliolewa na kaka yangu, Mlutheri kwa Mkatoliki, na hiyo nayo ilikuwa vita yake, ila tulishinda. Koku hakusema nami mwaka mzima. Alikuja siku moja bila salamu, akakaa jikoni kwetu, akaanza kunisaidia kuchambua maharage. Aliolewa Ihembe, sasa ni bibi kama mimi. Hatujawahi kuwa kama zamani, na nashukuru, kwa sababu zamani hatukuwa marafiki.

Mpaka leo, ukungu ukishuka baada ya mvua, husimama mlangoni nikasikiliza. Sisikii kitu. Lakini nasimama. Na wajukuu zangu wakirudi kutoka kucheza huwahesabu kwa kuwagusa kichwa kila mmoja, wananicheka, nawaacha wanicheke.

Basi nawaambia ninyi mlio na umri niliokuwa nao. Kama kuna mtu mmemwacha mahali kwa mzaha, iwe shimoni, iwe darasani, iwe kwenye maneno ya watu, mrudieni leo kabla giza halijaingia, na anayekukataza kurudi usimwite rafiki. Mimi nilibahatika kukutana na aliyekufa akiwa bado anataka kucheza. Sitaki kufikiri ninyi mtakutana na yupi.